Wameiba jina la biashara yangu, na ninamshuku mtoto niliyemlea

Dada Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 43, naishi Mtwara, njia ya kwenda Mikindani. Nakuomba usiandike jina langu wala la biashara yangu. Ukisoma utaelewa kwa nini.

Nabangua korosho. Nilianza mwaka 2013 na dada yangu, wawili tu, uani kwake, mikono tumeipaka majivu ili mafuta ya maganda yasituchune ngozi. Leo tuko wanawake 11. Wateja wetu wengi wako Dar es Salaam, Dodoma na Arusha, na mzigo tunautuma kwa basi. Wale wa siku nyingi hunitumia malipo ya awali kabla msimu haujaanza, na hela hiyo ndiyo inayonisaidia kupata malighafi Oktoba.

Dada yangu alifariki mwaka 2021 akaniachia kijana mmoja. Sisi ni Wamakonde, na kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako. Nimemlea, nimemsomesha, ananiita mama mdogo. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya kwenda Dar ikakatika kule Somanga, mizigo yangu ilikwama na simu zikawa hazikatiki mchana na usiku. Yeye ndiye aliyesema, "Mama mdogo, tufungue tovuti, watu wasome taarifa sehemu moja." Akaitengeneza kwa wiki tatu, kwa kompyuta ya kuazima. Anwani yake inaishia na co.tz. Ilisajiliwa kwa barua pepe yake kwa sababu mimi yangu nilikuwa nimesahau paswedi. Kweli, biashara ilichangamka.

Februari mwaka huu tuligombana. Alitaka nimpe milioni tatu anunue bodaboda, na mimi hela yote ilikuwa kwenye korosho. Akaniambia, "Nimekujengea wewe, mimi nimebaki mikono mitupu." Nami nikamjibu maneno ambayo hata sasa siwezi kuyaandika. Akaondoka kwenda Dar.

Mwezi wa saba nikapigiwa simu na mama mmoja wa Dodoma. "Dada, mzigo wangu vipi?" Nikamwambia simjui. Akanitumia skrinishoti. Dada Mshauri, nilikaa chini. Ni tovuti yangu yenyewe: rangi zangu, maneno yangu, hadithi yangu na ya marehemu dada yangu. Ila anwani ina kistari katikati na inaishia na com, na namba ya simu si yangu. Mimi kilo nauza 26,000, wao wameandika 17,000. Yule mama aliagiza kilo 30 na kulipa shilingi 510,000. Alipotuma lilitokea jina la mwanaume asiyemjua, akauliza, akaambiwa huyo ndiye mhasibu wetu. Anasema hakuwa na shaka kwa sababu juu kulikuwa na kile kikufuli. Mzigo ulipochelewa akaambiwa barabara imekatika tena Somanga.

Hapo ndipo roho yangu ilipoingia ubaridi. Mtu wa mbali angejuaje habari za Somanga? Halafu kuna picha. Ukifungua tu ile tovuti feki unaona mikono ya dada yangu ikibangua. Picha ile aliipiga kijana kwa simu yake mwezi mmoja kabla mama yake hajafariki. Kwenye tovuti yetu hatukuiweka kamwe, mimi mwenyewe nilikataa. Nani mwingine anayo?

Mpaka sasa wamejitokeza watu wanne. Mmoja ameniandika Facebook kwamba mimi ni tapeli. Mume wangu anasema ninyamaze, nikitangaza nitawaambia hata wasiojua. Kaka yangu, ambaye ndiye mjomba wa kijana, sijamwambia. Polisi naogopa, maana kama ni yeye nitakuwa nimemfunga mtoto wa marehemu kwa mkono wangu. Na yule mama wa Dodoma alikopa VICOBA. Hanitukani. Kila asubuhi ananipigia na kuuliza, "Dada, umefikia wapi?"

Jumapili iliyopita kijana alinipigia mara mbili. Sikupokea. Niliogopa kuisikia sauti yake.

Nifanye nini?

Mama wa Korosho, Mtwara

*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na mara ya mwisho niliziruka habari zote za tovuti ili nione kinachobaki. Kilichobaki ni ile mikono. Mtu ameiba kazi yako ya miaka mingi, lakini kinachokunyima usingizi ni kwamba ameifungulia duka kwa picha ya dada yako. Pole sana. Pole ya picha hiyo naitanguliza kabla ya pole ya hela.

Nikikuelewa vizuri, umefunga mizigo mitatu kwa kamba moja. Kuna tovuti inayowaliza watu kwa jina lako. Kuna watu waliokwisha lizwa, na mmoja anakupigia kila asubuhi. Na kuna mtoto. Kwa kuwa vimefungwa pamoja, ukigusa kimoja vyote vinatikisika, ndiyo maana tangu mwezi wa saba hujagusa chochote. Nakuomba tuilegeze kamba kidogo, kwa sababu kuifungisha ile tovuti hakuhitaji umjue aliyeifungua. Waweza kuanza leo bila kutaja jina la mtu yeyote.

Kwanza lakini niulize juu ya ushahidi unaoubeba moyoni. Somanga unaiona ni siri ya watu wa Kusini, kumbe barabara ilipokatika mwaka 2024 nchi nzima iliona magari yamepanga foleni pande zote mbili. Tapeli aliyekaa Mwanza anaweza kuitumia habari ile, na ataitumia hasa akimwambia mteja kwamba mzigo unatoka Mtwara. Kunakili tovuti nzima, rangi na maneno na hadithi, si kazi ya wiki tatu kama aliyoifanya mwanao. Zipo programu zinazoifanya kwa dakika chache, na asiye na ujuzi mkubwa anaweza. Kuhusu picha, nakuuliza kwa upole: baada ya msiba, kwenye arobaini, hakuna aliyeiweka picha ile kwenye stetasi ya WhatsApp? Haikupita kwenye kundi la ukoo? Picha ya marehemu husambaa kuliko picha yoyote ya nyumbani, kwa sababu kila anayempenda anataka kuwa nayo. Huenda ilifika mbali nawe hujui.

Sisemi si yeye. Sijui, na wewe hujui. Nasema ulicho nacho ni maumivu ya Februari yaliyokutana na wizi wa Julai, na mambo mawili yakikutana moyoni ni rahisi kuyaona ni jambo moja. Kuna kitu kidogo cha kuangalia: ukiitafuta anwani ya tovuti ile kwenye kumbukumbu za usajili, wanazoziita WHOIS, jina la mmiliki mara nyingi limefichwa, lakini tarehe ya kusajiliwa huonekana. Tarehe haimhukumu mtu. Ila ukikuta anwani ilisajiliwa kabla ya ugomvi wenu, wakati bado mnakula sahani moja, hadithi unayojisimulia usiku itabidi isimuliwe upya.

Sasa tovuti yenyewe. Kabla hujamlalamikia yeyote, hifadhi kila kitu. Piga skrinishoti za kurasa zote, anwani ionekane juu na tarehe ionekane. Waombe wale wanne wakutumie ujumbe waliojibiwa na meseji za miamala yao, kisha chapisha nakala za karatasi. Nasisitiza hili kwa sababu tovuti ikifungwa kabla hujahifadhi, ushahidi umeondoka nayo, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ushahidi wa namna hii unapokelewa mahakamani.

WHOIS hiyohiyo itakuonyesha kampuni iliyouza ile anwani ya com. Kampuni hizo zinatakiwa kuwa na barua pepe ya kupokea malalamiko ya matumizi mabaya. Waandikie kwa ufupi: hii ndiyo tovuti yangu, hiki ndicho cheti changu cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hawa wamelipa wasipate mzigo. Iandikie pia kampuni inayoihifadhi tovuti kwenye kompyuta zake. Google nao wana fomu ya kuripoti tovuti za kitapeli, na wakiridhika, anayeifungua kwa Chrome hukutana na ukurasa mwekundu wa onyo kabla hajafika kwenye korosho zako. Ile namba ya simu tuma 15040, ambako TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hupokea taarifa za namba za matapeli. Na wewe mwenyewe piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ningesikitika sana namba ile ikija kuonekana imesajiliwa kwa jina lako, lakini ni heri ukijua wewe kabla ya polisi.

Hatari ya njia hii nikuambie mapema. Wengine hujibu siku hiyohiyo, wengine hawajibu kabisa, na tapeli aliyefungiwa anwani moja anaweza kununua nyingine wiki ijayo. Utasikia pia kuna utaratibu wa kimataifa wa kumnyang'anya mtu anwani, unaopitia WIPO, shirika la miliki bunifu duniani, kule Geneva. Upo, ila ada yake inaanzia dola 1,500, na unatakiwa uthibitishe haki ya alama ya biashara. Jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili tofauti, vyote BRELA wanavishughulikia. Wengi wana hilo la kwanza tu wakidhani limewakinga kote. Ukitulia baada ya msimu, jambo hilo ni la kufikiria.

Halafu kuna jambo ambalo sikutaka kukuambia, lakini lazima nikuambie. Malalamiko mepesi kuliko yote ni ya picha: picha hizi ni zangu, ziondoeni. Kwa kawaida haki ya picha ni ya aliyeipiga. Picha ya mikono ile aliipiga kijana. Tovuti yako halisi nayo iko kwenye barua pepe yake, na akitaka, au akisahau tu kuilipia, inazimika na utabaki na ile feki peke yake. Kwa hiyo unayemshuku ndiye pia mwenye funguo mbili unazozihitaji.

Waweza kujaribu kuihamisha anwani kwanza kwa maneno ya kawaida: "Mwanangu, msimu unakaribia, nataka usajili uwe kwa barua pepe yangu." Utakuwa umeulinda mlango. Lakini kama hana hatia, halafu siku moja ajue kwamba ulipomwambia hivyo kichwani ulikuwa umeshamwita mwizi, atakumbuka. Au waweza kumwambia yote: ona kilichotokea, picha ya mama yako iko pale, nisaidie. Kama si yeye, nadhani hakuna mtu duniani atakayeipigania picha ile kama yeye. Kama ni yeye, utakuwa umempa nafasi ya kufuta kila kitu kabla hujahifadhi. Kwa hiyo hata ukiichagua njia hii ya moyo mweupe, skrinishoti zitangulie.

Na neno lake lile la mikono mitupu, umelifikiria? Wiki tatu za kazi, kwa kompyuta ya kuazima, na biashara ikachangamka. Kwenye barua umeniambia umemlea na kumsomesha, lakini sikuona mahali ulipomlipa. Labda ulimlipa, hukuandika tu. Labda kwenu hilo halidaiwi, kwa kuwa mtoto hamdai mama. Sikuulizi ili nimpe sababu ya kuiba, kwa maana hata mwenye kudai haki yake hana ruhusa ya kumliza mama wa Dodoma. Nauliza kwa sababu kama kuna deni la haki kati yenu, ni vizuri liwe na jina lake, lisichanganyike na la wizi.

Kuhusu polisi, hofu yako ina msingi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakitaja kitendo cha kujifanya mtu mwingine mtandaoni kuwa ni kosa, na adhabu yake si ndogo. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Ukishaifungua, huwezi kwenda kituoni baada ya wiki mbili ukasema tumeyamaliza nyumbani na ikaishia hapo. Lakini polisi ndio wenye uwezo wa kupata kwa kampuni ya simu jina halisi la mwenye ile laini. Bila wao unaweza kubaki na shaka miaka kumi, ukimtazama kijana kwenye kila msiba na kila harusi ukijiuliza. Tena kumbuka, wale wanne nao wana haki ya kwenda polisi bila kukuuliza. Wakienda, namba iliyo mbele ya macho yao ni ya tapeli, lakini jina ni lako. Ripoti yako ikitangulia, inaeleza kwamba nawe umeibiwa.

Mjomba wake je? Kwa desturi zenu ndiye mwenye sauti juu ya kijana huyu, na kumruka kunaweza kuleta ugomvi mwingine baadaye. Lakini baraza la ukoo likikaa juu ya shaka tu, hiyo shaka inageuka kuwa hukumu kabla mtu hajajibu, na kijana aliyeitwa mwizi na mjomba wake kimakosa harudi nyumbani kirahisi. Unamjua kaka yako. Ni mtu wa kusikiliza kwanza, au ni mtu wa kunyanyua simu hapohapo na kufoka?

Mumeo anasema unyamaze. Namwelewa, anakulinda na aibu. Ila aibu imeshafika Facebook, na pale kuna maelezo ya upande mmoja tu. Kutangaza kuna gharama yake: wateja wachache wataogopa, wengine watasema lisemwalo lipo. Kunyamaza nako kuna gharama, kwa kuwa Oktoba inakuja, na mteja wako wa siku nyingi akitafuta jina lako ili atume malipo ya awali, anaweza kuangukia ile ya bei ya 17,000. Kuna njia ya katikati ambayo wafanyabiashara wengi wadogo huanza nayo: kuwapigia wateja wa zamani mmoja mmoja, kuwaambia anwani yetu ni hii moja, namba ni hii, na jina litakalotokea kabla hujaweka namba ya siri ni hili, likitokea jina lingine, usitume. Hapo pia utawaeleza kuhusu kikufuli. Kile kinasema tu kwamba mawasiliano yako na tovuti hayasomwi njiani. Hakisemi mwenye tovuti ni nani, na tapeli anakipata bure kama unavyokipata wewe.

Nimemwacha mama wa Dodoma mwisho kwa sababu kwake sina jibu jepesi. Hela yake hukuichukua wewe. Ukimlipa yote, wale watatu watauliza kwa nini yeye, na yupo atakayesema umelipa kwa kuwa unahusika. Usipompa kitu, kila asubuhi simu italia. Kati ya hapo kuna mengi: kumpa maelezo ya maandishi akaonyeshe VICOBA yake na polisi, kumsaidia kuwasilisha malalamiko kwa kampuni ya simu, kumuuzia korosho za msimu mpya kwa bei ya gharama tu, apate kujikomboa kwenye mkopo. Lolote utakaloamua, liandikwe wazi kuwa ni msaada na si deni, na wenzako 10 unaobangua nao walijue, kwa kuwa jina lililoibwa ni lao pia. Ila hebu muulize anachokitaka. Mtu aliyelizwa laki tano halafu akakuita dada kila asubuhi huenda anatafuta mwenzake wa kubeba naye, zaidi ya mlipaji.

Zile simu mbili za Jumapili hazinitoki. Kijana aliyekaa miezi akinuna hupiga mara mbili siku moja akiwa na jambo. Inawezekana ni kuungama. Inawezekana ameiona picha ya mama yake mahali asipoitarajia, akataka kujua kama wewe ndiye uliyeiweka pale. Ukishaamua kumpigia, au kutompigia, niandikie tena. Na mikono yenu nyote 11 naiombea afya, msimu uko karibu.